Haramu iko uwanjani Doha, au barabarani kwetu?



Ndugu zangu katika imani, kijana mmoja wa hapa Buyenzi, ambaye anatafuta riziki Doha, aliwaandikia wazazi wake kuwa rafiki zake wamemwalika kwenda kutazama mashindano ya magari ya mbio fupi. Basi baraza likawaka moto! Mzee mmoja akasema huo ni upuuzi wa makafiri, mwingine akasema ni israfu, na shangazi yake akataka arudi nyumbani kabisa. Mimi kwa heshima zote nasema: wazee wetu wamekosea, na kosa lenyewe linatuficha jambo kubwa zaidi.

Kwanza tujue kinachozungumzwa. Magari mawili husimama sambamba, taa ikiwaka yanakwenda moja kwa moja mita 402, basi. Yale makali kabisa ya Marekani yalipunguziwa njia hadi mita 305 mwaka 2008, baada ya dereva Scott Kalitta kufariki mwezi Juni mwaka huo. Humaliza kwa chini ya sekunde 4, kwa mwendo unaopita kilomita 500 kwa saa.

Upuuzi wa makafiri? Timu ya Al-Anabi ya Sheikh Khalid bin Hamad Al Thani wa Qatar ilichukua ubingwa wa daraja la juu huko Marekani mwaka 2010, 2011 na 2013. Sisemi kwamba sheikh akifanya jambo ndiyo limekuwa halali (wangapi tunawajua!), bali tuache kumtupia kafiri kila tusichokizoea. Na Mtume (S.A.W.) mwenyewe alishindanisha farasi. Ibn Umar (R.A.) amesimulia, na Bukhari na Muslim wamepokea, kwamba farasi waliotayarishwa walikimbia kutoka Hafya hadi Thaniyyatul Wadaa, na wasiotayarishwa walipewa njia fupi hadi msikiti wa Bani Zurayq. Angalieni vizuri: palikuwa na mwanzo, mwisho, na kila farasi aliwekwa na wenzake. Kamari ni haramu, hilo halina mjadala. Lakini kulipa kiingilio si kuweka dau.

Hoja ya israfu naiheshimu. Sisi tuliopanga foleni za mafuta siku nzima mwaka 2024 tunajua uchungu wake, na mtu akitaka kuleta mashindano hayo Bujumbura nitakuwa wa kwanza kumpinga. Lakini mafuta ya Doha hayapungui kwa kijana wetu kukaa chumbani.

Hatari ya kweli iko kwingine. Tarehe 16 Juni 2007, katika mji mdogo wa Selmer, Tennessee, palikuwa na tamasha la kuchangia watoto. Nia njema kabisa! Dereva mzoefu akaombwa aonyeshe gari lake la mbio katika barabara ya kawaida, watu wamesimama pembeni bila ukuta wowote wa kuwakinga. Gari likamshinda, likawaingia. Watazamaji 6 walikufa. Chama cha mbio hizo cha Marekani kilianzishwa mwaka 1951, na moja ya shabaha zake ilikuwa kuwatoa vijana barabarani na kuwapeleka uwanjani. Uwanjani nako ajali zipo: mwaka 2010 karibu na Phoenix gurudumu lililochomoka lilimwua mtazamaji mwanamke. Lakini uwanjani kuna ukuta, kuna gari la wagonjwa, na kuna mtu mwenye mamlaka ya kusema leo hakuna mbio.

Sasa twende kwetu. Panda Barabara ya Taifa Namba 1 kuelekea Bugarama uone vijana wa baiskeli wameng'ang'ania nyuma ya malori wakipandishwa mlima. Kisha wanateremka na ndizi au makaa, mzigo mzito kuliko wao, kila kona wakishindana nani afike wa kwanza. Nani anawakinga? Sisi abiria tunatoa vichwa dirishani, tunapiga picha, tunashangilia: "Huyo mwanaume!" Huo si utazamaji? Na hakuna aliyeuliza barazani kama ni halali.

Najua wengine watasema wale ni masikini, wanatafuta chakula. Ni kweli, na mimi simlaumu anayebeba ndizi. Namlaumu anayepiga makofi. Tena namlaumu mwenye lori anayewaona kwenye kioo na kuongeza mwendo ili awachekeshe wenzake. Kuna baba mmoja namjua ambaye anamkataza mwanawe sinema, lakini aliniambia kwa fahari kwamba mwanawe huyo ameteremka kutoka Bugarama bila kugusa breki.

Yule kijana wa Doha nimemjibu mwenyewe, kwa idhini ya babake. Nenda. Ziba masikio, maana kelele zile zinaharibu usikivu. Kaa nyuma ya ukuta, usiweke dau na mtu, ukisikia adhana toka ukaswali. Ukirudi mpigie mama yako, hajalala.