Paka Yetu Ilivuka Daraja Mara Mbili



Mimi kapita wa interna, niko darasa la sita, na leo nataka kusema juu ya ile paka. Ninyi wote mnajua shida ya depo. Wazazi wengi wanalipa sehemu ya minervali kwa maharagi na mahindi, kisha panya wanakula mbele yetu. Muhula uliopita tulifungua gunia moja lililotobolewa chini: nusu maharagi, nusu mavi ya panya. Ile ni jasho ya mama zetu. Ndiyo sababu mama mmoja wa Hombo-Sud alitupa paka bila kuomba hata franka.

Na sisi tuliipokea namna gani? Tuliileta ndani ya mfuko siku ya posho, tukaifungulia kati ya kiwanja, wadogo wa darasa la saba wakaizunguka na makelele, mmoja akaitupia jiwe. Usiku ikakimbia. Kesho yake mama akaikuta mbele ya jiko lake. Ilivuka daraja, ikatoka Kivu ya Kaskazini ikaingia Kivu ya Kusini bila kulipa barieri yoyote! Tuliirudisha, ikarudi tena.

Sasa katika dortwari nasikia: “Ile paka ni ya bulozi, njo maana aipotee njia.” Ndugu zangu, bulozi iko wapi hapo? Paka inajua kwao kwa harufu. Inasugua mashavu yake kwenye mlango, kwenye kiti, kwenye mguu wa mama, na inaacha harufu yake pale. Kwetu haikusugua hata ukuta mmoja. Ingebaki kwa sababu gani? Wewe mwenyewe, usiku wa kwanza wa interna, hukulia? Mimi nililia, na hakuna mtu alinirushia jiwe.

Mawazo yangu ni haya. Paka ifungwe ndani ya depo juma mbili au tatu, isitoke hata kidogo. Iwekewe maji, kikapo chenye gunia la zamani (tuombe kwa yule mama gunia ambalo ililalia, maana lina harufu ya kwake), na sanduku la mchanga na majivu mbali na chakula. Mtu mmoja tu aipelekee chakula, saa zile zile kila siku. Ikijificha nyuma ya magunia siku tatu, iachwe. Itatoka yenyewe.

Mpishi wetu anasema: “Paka ikishiba aishike panya.” Kwa heshima yote, baba, hapana. Paka inawinda hata ikishiba. Ni tabia yake. Ile yenye njaa ndiyo inaenda kutafuta jiko lingine. Kila meza ya refektwari ibakishe vichwa vya sambaza, inatosha. Mifupa ya kuku iliyopikwa msitupe kwake, inavunjika kama sindano na kuchoma matumbo.

Kuna jambo moja linanitia woga kuliko yote. Ndani ya depo bado kuna sumu ya panya, tena nyuma ya magunia. Panya anaikula, hafi palepale, anatembea polepole, paka inamkamata bila kazi, na paka nayo inakufa. Naomba ekonomu aiondoe yote mbele paka haijaingia. Sumu na paka haviwezi kukaa nyumba moja.

Kwa wale wanaosema paka si mnyama wa shule: mwaka 2004 wachunguzi walitangaza kaburi moja katika kisiwa cha Kipro, kile cha Barnaba, la miaka karibu 9.500. Mtu alizikwa pamoja na paka wake. Wataalamu wanafikiri paka alikaribia watu kwa sababu ya gala za nafaka, maana panya walikuwa pale. Basi depo ndiyo kazi yake ya kwanza duniani.

Yule mama amekubali kutupa paka mara ya tatu, na amesema ni ya mwisho. Inakuja siku ya posho jioni. Ufunguo wa depo uko kwangu. Anayetumwa kuchukua maharagi abishe kwanza, afungue mlango kidogo, aangalie chini kwenye miguu yake.