Mama Hana Farasi

Neno mā, yaani mama, ni la siku za mwanzo kabisa kwa anayejifunza Kichina. Herufi yake, 媽, ina vipande viwili: kushoto 女, mwanamke, kulia 馬, farasi. Hapo ndipo mwanafunzi huambiwa kwamba Wachina wa kale walimwona mama kuwa mwanamke anayetumika kama farasi. Si kweli, na hadithi hiyo inamficha jambo analolihitaji sana.

Farasi kwa Kichina ni mǎ. Amewekwa pale kwa ajili ya sauti tu: 女 inadokeza maana, 馬 inadokeza matamshi. Anayebisha na aangalie herufi nyingine zenye farasi. Neno la sisimizi, mǎyǐ, huanza na 螞: mdudu na farasi. 碼, mǎ, ya kwenye neno la namba, ni jiwe na farasi. 嗎, ma, inayogeuza sentensi kuwa swali, ni mdomo na farasi. Kazi ngumu haimo katika hata moja. Sauti imo katika zote.

Husemwa pia kwamba kila herufi ni picha. Zipo zilizoanza hivyo, na 馬 ni mojawapo. Kwenye mifupa ya ng'ombe na magamba ya kobe waliyotumia wafalme wa nasaba ya Shang ya China kupigia ramli, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, utaona jicho la farasi, manyoya ya shingo na mkia. Lakini herufi nyingi zaidi zimeundwa kama 媽.

Kutetea wazo hilo la picha, wengine humtaja Xu Shen, ambaye kamusi yake, Shuowen Jiezi, ya mwaka 100 hivi BK, inaeleza 東, mashariki, kuwa ni jua ndani ya mti. Namheshimu mno, kufafanua herufi zaidi ya 9,000 si mchezo. Ila yeye hakuwa na mifupa ile, ambayo wasomi waliitambua mwaka 1899 tu, na humo 東 ni kama mfuko uliofungwa ncha zote mbili, umbo lililoazimwa kwa sababu ya sauti. Tena Xu Shen huyo huyo alilitaja bayana kundi la herufi za maana na sauti.

Hoja yenye uzito ni kwamba sauti hizo hazitegemeki. Kwa kiasi fulani ni kweli: 工 ni gōng, ilhali 江, mto, ni jiāng, kwa kuwa matamshi yamehama karne kwa karne. Hata 媽 na 馬 hutofautiana toni. Hata hivyo, kidokezo pungufu kinasaidia katika herufi nyingi. Hadithi ya farasi inasaidia katika moja.

Wala si kweli kwamba mageuzi ya maandishi yaliyoanza mwaka 1956 huko China bara yamevuruga mpango huu. 馬 yenye mistari 10 ikawa 马 yenye mitatu, na jamaa zake wakabadilika pamoja nayo. Anayeanza leo na aandike 马 juu ya ukurasa, chini yake apange 妈, 吗, 码, 蚂, kisha azisome kwa sauti, moja baada ya nyingine.