Kiwanja Dodoma si ghala la mahindi

Kila baada ya mavuno, mazungumzo ya wafanyabiashara wa nafaka wa Kibaigwa na wakulima wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi huishia kwenye jambo moja: viwanja. Swali linalotangulia ni kama bei itapanda. Ni swali la haki, lakini silo la kwanza, na anayelitanguliza huweza kupoteza mtaji wake wote.

Hamu hiyo ina sababu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, ukatekelezwa kwa kusuasua kwa zaidi ya miaka 40. Mwaka 2016 Serikali ilianza kuhama kwa dhati, mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji, na mwaka 2024 treni ya reli ya kisasa ikaanza kuleta abiria kutoka Dar es Salaam. Hata hivyo, historia hiyo hiyo ina somo la pili. Aliyenunua ardhi miaka ya 1970 kwa matumaini ya ujio wa haraka wa Serikali alizeeka akisubiri. Bei ya kiwanja hufuata barabara, maji na umeme. Matangazo peke yake hayaipandishi.

Swali la kwanza liwe: ni cha nani? Kisheria, ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Kinachouzwa ni haki ya kuitumia, na kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 haki hiyo haizidi miaka 99. Dodoma ina jambo lake zaidi: viwanja vingi vya zamani viligawiwa na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA), iliyovunjwa mwaka 2017 na shughuli zake kuhamishiwa Manispaa, ambayo sasa ni Jiji. Anayeonyeshwa karatasi ya enzi hizo aihakiki Jiji na kwa msajili wa hati kabla ya kutoa hata shilingi moja. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa huonyesha kwamba mauziano yalishuhudiwa, lakini haugeuki kuwa hati. Aidha, muuzaji mwenye mke au mume aje na ridhaa ya mwenzake kwa maandishi, la sivyo kesi huanza siku ya kuweka msingi.

Swali la pili: kimepangiwa nini, na kipo wapi hasa? Kipande kilicho katika hifadhi ya barabara au eneo la shule hakiwi cha makazi kwa sababu ya bei nafuu, na bila haki inayotambulika kisheria hoja ya fidia huwa dhaifu. Tena Dodoma hupata mvua ya msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, na hunyesha kwa vishindo. Kiwanja kilichotazamwa Agosti kikiwa kikavu huweza kuwa korongo Januari. Ni vyema mnunuzi awaulize majirani maji hupita wapi.

Swali la tatu ndilo wengi hulisahau: kitaleta nini kila mwaka? Tuchukulie mfanyabiashara aliyekopa shilingi milioni 5 kwa riba ya asilimia 18 ili anunue kiwanja. Kila mwaka riba ni shilingi 900,000, mbali na kodi ya ardhi. Kiwanja kitupu hakizai chochote cha kuilipa. Ni lazima bei yake ipande karibu sehemu moja ya tano kila mwaka—yaani karibu elfu 200 katika kila milioni—ili mwenyewe asipate hasara. Gunia la mahindi nalo hushuka bei, lakini huuzwa siku mtoto akiugua. Kiwanja huweza kukaa miezi bila mteja, na mwenye shida hukiuza kwa bei ya kutupa.

Upande wa pili yupo mkulima anayeuza. Shamba la mizabibu likitunzwa huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa miaka mingi. Eka ikiuzwa kando ya jiji, fedha huja mara moja, na aghalabu huishia kwenye pikipiki na sherehe. Asiyeweza kukwepa kuuza apimishe kwanza, auze vipande vichache, abakize sehemu yenye hati kwa jina lake na la mwenza wake. Tofauti ya bei kati ya shamba lisilopimwa na kiwanja kilichopimwa ni faida ambayo leo huchukuliwa na dalali.

Kununua kiwanja si kosa. Kosa ni kukinunua kwa fedha za mbegu, za mtaji wa duka au za mkopo wa muda mfupi. Kinunuliwe kwa faida iliyobaki baada ya msimu, na mwenye nacho ajenge hata chumba kimoja cha kupangisha au fremu ya duka, ili ardhi ianze kujilipia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa ardhi ya Dodoma, daftari la kwanza ni lile la msajili wa hati, na la pili ni la mnunuzi mwenyewe, lenye hesabu za mapato na matumizi.