Mtini panda, lakini usiuziwe baridi

Huenda umeshakutana naye kwenye simu yako: yule msee anayeuza miche ya tini "inayohimili baridi kali ya Marekani". Kwenye picha tunda limepasuka na asali inadondoka. Ukiuliza bei, unakaa chini kwanza.

Mimi nasema mtini panda, tena mwezi huu. Lakini usilipie baridi ambayo huna.

Aina iitwayo Chicago Hardy ina sifa ya kweli. Baridi ya kule huua matawi, mizizi ikabaki hai, kisha machipukizi mapya yakazaa msimu huo huo. Wahamiaji wa Kiitaliano mjini New York walikuwa wakiifunga mitini yao kama wagonjwa, wengine wakiilaza na kuifukia kwenye mtaro hadi baridi ipite. Wewe uko Umoja au Rongai, na Julai yako inataka sweta tu. Hata Kinangop, ambako umande huganda usiku ukachoma viazi, mtini uliokomaa ukipoteza majani utachipuka tena. (Mugumo na mkuyu ni binamu zake, kwa hivyo ukoo huu si mgeni hapa.)

Swali la kumuuliza muuzaji ni hili: mti wako unahitaji nyigu? Tini za aina ya Smyrna hazikomai bila nyigu mdogo wa kuzichavusha. Wakulima wa California waliangaika nazo hadi nyigu huyo alipoletwa mwaka wa 1899. Brown Turkey na Chicago Hardy hazimhitaji. Akianza kugugumia, funga simu. Na mche uliooteshwa kwa mbegu achana nao kabisa, huenda usizae.

Wala huhitaji kununua mche. Mwombe mwenye mti kijiti chenye unene wa penseli na urefu wa sentimita 20 hivi, kichomeke kwenye udongo wenye unyevu. Kikishika, kihamishie ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini, mahali penye jua angalau nusu siku. Balkoni inatosha.

Kuhusu doo, waulize kaka na dada zako habari za kware, mwaka wa 2014. Bei iliporomoka, watu wakabaki na vizimba na mayai yasiyo na mnunuzi. Tini ni laini zaidi ya yai: likishachumwa halikai ila siku chache, hata kwenye friji. Kwa hivyo anza na mti mmoja, wa kula.

Usivune mapema, maana tini halivii nyumbani kama parachichi. Ngoja shingo ilegee, tunda liiname na likibonyezwa liwe laini. Ndege nao wanangoja siku hiyo hiyo, kwa hivyo livishe kifuko cha neti. Ule utomvu mweupe unawasha ngozi, hasa juani, basi chuma asubuhi na unawe mikono kabla ya kugusa macho.