Wajibu Huanza Siku ya Utulivu

Tumwonapo mtu amezama katika madeni ya mikopo ya simu, upesi husema kwamba alijitakia. Hukumu hiyo ina ukweli ndani yake, lakini si kamili. Kosa lina mwenyewe, hapana shaka. Ila uzito wa lawama hupimwa kwa nafasi aliyokuwa nayo ya kufikiri, na kwa kumtazama pia yule aliyefaidika nafasi hiyo ilipokuwa finyu. Asiyeyapima yote mawili hajahukumu bado, ameshutumu tu.

Tuanze na ushahidi. Mwaka 2013 mtafiti Anandi Mani na wenzake walitangaza utafiti uliohusu wakulima 464 wa miwa katika jimbo la Tamil Nadu, India. Wakulima hao hupata sehemu kubwa ya fedha zao kwa mkupuo baada ya mavuno, hivyo miezi inayotangulia huwa ya ukata. Walipewa mafumbo ya kupima akili kabla ya mavuno na baada yake. Watu wale wale walifanya vibaya zaidi walipokuwa hawana kitu kuliko walipokwisha kulipwa. Katika muda ule mfupi hawakuwa wamekwenda shule wala kuumbwa upya. Wasiwasi ndio uliokuwa umewapungua. Basi tusemapo kwamba maskini ni maskini kwa sababu huamua vibaya, tukumbuke kwamba mara nyingi huamua vibaya kwa sababu ukata umeitawala akili yake.

Sasa tuje Kenya. Huduma ya mikopo ya simu ya M-Shwari ilipoanza mwaka 2012, mkopo wa siku 30 ulitozwa ada ya asilimia 7.5. Kwa shilingi 1,000 hiyo ni shilingi 75, na nani ataziogopa? Lakini akopaye hivyo kila mwezi, kwa mwaka atalipa shilingi 900 kwa ajili ya shilingi 1,000 zile zile. Hesabu hiyo haimshindi mwanafunzi aliyetulia darasani. Humshinda mtu mzima anayedaiwa karo huku ana mgonjwa hospitalini, na fedha zinapatikana kwa kubonyeza simu mara chache. Baadaye wakaja wakopeshaji wengine, na baadhi yao wakawa wanamtisha mdaiwa na kuwapigia hata jamaa zake. Ikabidi sheria ibadilishwe mwishoni mwa 2021, na kanuni za Benki Kuu za 2022 zikakataza vitendo hivyo. Sheria yenyewe basi imekiri kwamba mkopaji hakuwa peke yake katika kosa.

Atauliza mtu: mbona wapo wenye dhiki ile ile wasiokopa ovyo? Wapo, nao wanastahili sifa. Lakini tuulize kwanza kama hawakuwa na chama, ndugu au akiba ya kuegemea. Mwingine atasema kwamba tukiwapa watu udhuru tutawafundisha uzembe. Hoja hii ni nzito zaidi, kwa maana kumwondolea mtu lawama yote ni kumdharau, kana kwamba hana akili. Hata hivyo, jibu lake si kumsubiri saa ya dhiki ndipo tumdai busara. Mfa maji haachi kutapatapa. Busara idaiwe siku ya mauzo na siku ya mshahara, wakati akili ni nyepesi na njia bado ni nyingi. Aliyepata siku hiyo akakataa kuweka akiba, wala asijiwekee kikomo cha deni, huyo hana wa kumlaumu kwa sehemu yake.

Basi, wasomaji, kila apataye leo na aamue leo yale ambayo kesho hatakuwa na utulivu wa kuyaamua. Naye akopeshaye aitaje gharama yote kwa shilingi, waziwazi, kabla mteja hajakubali. Mkopeshaji atakayekataa hilo asije kutulalamikia juu ya wateja wasiolipa, kwani faida yake aliijenga juu ya kutofikiri kwao.