Aketishwe Mbele

Baada ya mauaji ya miaka ya 2007 na 2008, watoto wengi wenye ualbino wa nchi hizi za Ziwa walipelekwa bwenini, wengine Mitindo huko Misungwi, wapate usalama. Vema, lakini ukuta haumfundishi mtu kusoma. Macho ya mtoto huyu huona karibu tu, na mwanga mkali humwumiza. Nami nimemwona mmoja, katika shule nisiyoitaja, ameketishwa nyuma kabisa, kisha aitwa mzito! Mzito ni nani hapo? Kumweka mbele, mgongo wake uelekee dirisha, na kumwandikia herufi kubwa, kwahitaji fedha gani? Sheria ya mwaka 2010 yampa haki ya kusoma pamoja na wenzake, tena kwa kusaidiwa. Basi, mwalimu, kesho asubuhi utamketisha wapi?