Kasi Hutokana na Mpango Mwema

Programu kubwa huandikwa katika mafaili mengi, na kila faili sharti litafsiriwe katika lugha ya mashine. Kazi hiyo ikichelewa, wengi hudhani kuwa dawa ni kununua kompyuta yenye nguvu zaidi. Dawa hiyo haitoshi. Mwaka 1976 Stuart Feldman wa Bell Labs, Marekani, alibuni programu iitwayo make, ambayo hukagua tarehe na saa za mafaili, ikatafsiri upya yale tu yaliyobadilika pamoja na yanayoyategemea. Lakini faili moja likitegemewa na yote, kubadili mstari mmoja hurudisha kazi nzima mwanzo. Basi mwanafunzi na afunzwe mapema kugawa programu katika sehemu zisizotegemeana ovyo. Somo hilo halihitaji mashine mpya. Lahitaji mwalimu, ubao na fikra.